Mvuke Jikoni kwa Valdecir

Ninyi wenzangu wa Santos mnaofuga bahari sebuleni, na ninyi mnaoishi nyumba moja na wafugaji hao, nipeni masikio niwaambie yaliyoipata familia moja ya mtaa wa Macuco. Sikusimuliwa pembeni. Nilikuwamo. Mimi Jandira, mwenye duka la samaki wa mapambo karibu na soko, ndiye niliyemuuza yule mnyama, na mimi ndiye niliyetoa ushauri nusu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mchana wa baridi wenye jua dogo. Valdecir, mwendesha kreni bandarini, alinisihi nimpelekee mzigo wake nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu nikiwa nimekumbatia mfuko wa maji kama mtu aliyebeba kichanga. Ndani ya mfuko alikuwamo anemoni. Kwa wasiomjua, huyu ni mnyama wa baharini asiye na mfupa wala jicho. Ukimtazama utadhani ni ua lenye vidole vingi laini. Ana mguu mmoja tu wa kujibandikia kwenye jiwe, na mwilini ni maji matupu.

Nyumba ilikuwa na furaha siku ile. Mke wake, Rosilene, alikuwa amenyoosha miguu kwenye kochi baada ya wiki nzima ya kusimama saluni. Mama yake Rosilene, Bi Ermelinda, alituletea kahawa na keki ya mahindi ikiwa bado moto. Binti yao Taís, mwenye miaka tisa, alilala kifudifudi sakafuni, anahesabu matone: tulikuwa tunamdondoshea mgeni maji ya tangi polepole kwa mpira mwembamba, tone moja moja, ili ayazoee kabla hajaingia.

"Mia nne na kumi na mbili," alisema Taís. "Bi Jandira, anasikia ninavyohesabu?"

"Hasikii, mwanangu. Lakini akiingizwa kwa pupa atajua."

Nikamgeukia baba yake. "Valdecir, sikiliza. Pampu zote zifunge sifongo, asije akavutwa akakatwakatwa. Taa zipunguze. Halafu muache. Atatembea mwenyewe kutafuta mahali panapompendeza. Usimguse."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili, hata tatu. Hata akijificha nyuma ya mawe, muache."

Bi Ermelinda aliweka kikombe chini akacheka. "Wiki tatu bila kugusa? Huyu? Bi Jandira, huyu hata wali hangoji uive. Anafunua, anafunika, anafunua!"

"Mama, unaniharibia jina mbele ya watu," Valdecir akasema, naye anacheka.

Tulicheka wote. Lakini niwaambieni ukweli: sikupaswa kumuuzia anemoni. Tangi lake lilikuwa na miezi minne tu. Watu wote wanaokuja dukani nawaambia wasubiri mwaka mzima, maji yatulie. Yeye alinibana wiki baada ya wiki, na mimi nilichoka kusema hapana.

Rosilene alinisindikiza hadi mlangoni. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Bi Jandira, huyu ndiye wa mwisho, tafadhali. Ameniahidi." Akapunguza sauti. "Mwezi wa tano alimsahau mtoto shuleni. Taís alikaa getini saa nzima mpaka mlinzi akanipigia saluni. Unajua baba yake alikuwa wapi? Hapa. Anasugua mabomba ya tangi. Nimemwambia, siku nikikuta uchafu wa hilo tangi jikoni, nachukua mama na mtoto naenda kwa dada yangu Sueli, São Vicente. Na sitanii."

Nilimpa pole nikashuka ngazi. Nilidhani ni maneno ya mke aliyechoka, yatapita.

Wiki ile Valdecir alinipigia simu kila siku. Jumatatu anemoni alikuwa amehama akaenda kwenye kona yenye giza, yeye akamrudisha katikati ili aonekane. Jumatano alihama tena, akarudishwa tena. Alhamisi, katika kumbandua, alimchana mguu. "Kidogo tu," aliniambia, "kama uzi." Ijumaa mnyama alikuwa amenywea, saizi ya ngumi ya mtoto, amejikunyata chini ya jiwe moja lililojaa vifungo.

Vifungo ndivyo tunavyoviita sisi wafugaji: vijinyama vidogo vya kahawia vilivyobanana juu ya jiwe kama vifungo vya shati. Huja na mawe ya baharini bila kualikwa, huzaana, na huwachoma majirani zao.

Jumamosi asubuhi duka lilikuwa limejaa. Simu ikalia.

"Bi Jandira, vile vifungo vinamchoma! Anakufa. Nifanye nini?"

Mteja mmoja alikuwa ananinyooshea kopo la chakula, mwingine anauliza bei. Nikasema, "Basi litoe hilo jiwe, lioshe, utalirudisha baadaye," nikakata.

Lioshe. Hilo neno ni langu. Sikusema kwa nini wala kwa namna gani. Sikusema vaa glovu. Sikumwambia kile ambacho hakutakiwa kukifanya hata kidogo.

Yaliyofuata nimeyapata kwao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake.

Rosilene alikuwa ameshakwenda saluni, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Nje kulikuwa na manyunyu na upepo wa kusini, madirisha yote yamefungwa. Valdecir alilitoa jiwe kwenye tangi akaingia nalo jikoni. Alilisugua kwa brashi, vifungo vikang'ang'ania. Hapo akawaza: moto utaviua vyote mara moja. Akachukua sufuria kubwa la Bi Ermelinda, lile la kupikia maharage ya familia, akalitumbukiza jiwe, akafunika, akawasha gesi.

Maji yalipoanza kutokota Bi Ermelinda aliingia kutafuta sufuria lake, na mbwa wao mdogo, Pitoco, akimfuata miguuni.

"Wewe Valdecir! Unapika nini na harufu hiyo?" Akafunua. Mvuke ukampiga usoni. "Jiwe? Jiwe kwenye sufuria langu la maharage? Umerogwa na hilo tangi?"

"Mama, nakuomba, nusu saa tu. Sufuria lako nitalisugua ling'ae. Usimwambie Rosi."

"Mimi sifichi mambo, unanijua."

"Mama, ataondoka. Alisema ataondoka."

Yule mama alimwangalia, akamwonea huruma. Akavuta kiti, akakaa palepale jikoni kuchambua maharage yake huku jiwe linachemka. Taís naye akaja kuchora mezani, kwa sababu jikoni kulikuwa na joto.

Dakika arobaini zilipita hivyo. Valdecir akamwaga maji, akasugua sufuria, akalificha jiwe ndani ya ndoo kwenye kibaraza cha kufulia. Alipomaliza, ulimi wake ulikuwa na uchungu, kama mtu aliyenyonya msumari wa chuma.

Bi Ermelinda alianza kukohoa kabla ya saa sita. Kikohozi kavu, kisichoisha. Kisha Taís akasema kifua kinambana na miguu inauma. Pitoco alitapika mara mbili, akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Valdecir mwenyewe alikuwa anatetemeka, ana homa, lakini alimfunika mtoto blanketi akajisemea kuwa ni baridi. Mafua yameingia nyumbani. Msimu wake.

Rosilene aliporudi saa saba kula chakula cha mchana alikuta hakuna aliyepika. Mama yake ameegemea ukuta wa korido, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza. Mtoto analia bila machozi. Mbwa amelala chini ya meza, hainuki.

"Val! Kuna nini humu? Mmekula nini?"

"Hatujala kitu. Mafua, Rosi. Yametupata wote."

"Mafua gani ya asubuhi moja?"

Jirani wa chini aliwapakia wote kwenye gari lake, wakakimbizwa hospitali.

Mimi nilipata ujumbe wa Valdecir saa nane na dakika chache. Ulisema hivi: "Bi Jandira, swali tu. Vile vifungo mtu akivichemsha, vinaweza kuleta shida?"

Ndugu zangu, niliusoma mara mbili. Nilijua. Baadhi ya vifungo hivyo vina sumu kali ambayo moto hauiui. Ukichemsha jiwe, sumu inapanda na mvuke, na anayeuvuta mvuke anaivuta sumu mpaka mapafuni. Niliwahi kupewa karatasi ya onyo yenye maneno hayo. Ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya risiti. Sikuibandika ukutani nisiogopeshe wateja.

Nilimpigia, hakupokea. Nikampigia tena. Nilipokuwa nangoja, wazo lingine likanijia, baya: nikienda, watauliza nani aliuza, nani alisema lioshe. Duka hili ndilo maisha yangu. Nilisimama nyuma ya kaunta na simu mkononi. Huenda ni dakika kumi nilizosimama pale. Siwezi kuzirudisha. Kisha nikawaomba wateja watoke, nikafunga, nikakimbia hadi kwao. Mlinzi wa jengo akaniambia wamepelekwa hospitali, bibi amebebwa.

Nilimkuta Valdecir kwenye korido ya kitengo cha dharura, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ana sindano ya maji mkononi, macho mekundu. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Taís amewekewa barakoa ya mvuke wa dawa, na kitanda cha pili Bi Ermelinda, amezungukwa na watu wanne.

Nikainama. "Umechemsha?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Daktari anajua?"

Akageuza macho kwenye kioo.

"Valdecir, nakuuliza. Daktari anajua?"

"Aliniuliza kama kuna gesi inavuja, au kama tumechanganya dawa za kufulia. Nikasema hakuna." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Bi Jandira, Rosi alikuwa amesimama pale pale. Ningesemaje?"

"Ungesema hivyo hivyo! Wanawatibu homa ya mapafu, na hii siyo homa ya mapafu. Hii sumu inakwenda mpaka kwenye moyo!"

"Nitasema. Ngoja atoke kidogo, nimwambie daktari faragha."

Nilitazama tena kwenye kioo. Bi Ermelinda alikuwa amegeuza kichwa upande wetu. Barakoa imemfunika pua na mdomo, hawezi kutoa neno, lakini macho yake yalikuwa juu ya mkwewe, hayapepesi. Mashine iliyo kando yake ikaanza kulia kwa haraka, na muuguzi akapiga kelele kuita.

"Usiponyanyuka sasa hivi naingia mimi," nikamwambia. "Nitasema yote, na yangu pia."

Alinyanyuka. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na mti wa dripu kwa mwingine, akasukuma mlango kwa bega. Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Quitéria. Rosilene alikuwa ameshika miguu ya mama yake.

"Daktari, nilikudanganya," alisema Valdecir. "Nilichemsha jiwe la tangi jikoni. Lina wanyama wenye sumu. Tulivuta mvuke wote. Mama ndiye aliyekaa karibu."

Daktari hakumfokea. Aliuliza jiwe liliwekwa muda gani motoni, nani alikuwa umbali gani, maji yalimwagwa wapi, na jiwe liko wapi sasa. Mimi niliyeingia nyuma yake nilimpa jina la sumu, nikamwandikia kwenye kiganja cha glovu yake. Alipiga simu kituo cha ushauri wa sumu, na amri zikaanza kutoka mfululizo: moyo upimwe bila kukatiza, damu ichukuliwe tena ionekane kama misuli inavunjika, figo ziangaliwe, bibi apelekwe chumba cha mahututi, na baba mwenye nyumba arudi kitandani kwa sababu naye ni mgonjwa. Akawaomba zimamoto wakafungue nyumba ile na kuwatoa majirani wa ghorofa ya tatu mpaka hewa isafishwe.

"Dawa yake ipo?" akauliza Rosilene.

"Ya kuiondoa sumu, hapana," daktari akamjibu. "Tutamsaidia kupumua, tutaulinda moyo, mwili upate muda wa kupigana. Lakini sasa angalau tunajua tunapigana na nini."

Rosilene alimgeukia mumewe. Nilidhani atampiga kofi. Hakumpiga. Alimwuliza kwa upole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko kelele:

"Saa ngapi zimepita tangu tuingie hapa, Val?"

Zilikuwa zimepita saa mbili.

Siku sita Bi Ermelinda alilala chumba cha mahututi. Siku ya pili moyo wake ulipoteza mwendo kabisa, wakaurudisha. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nje, na Rosilene kando yangu, tumeshikana mikono. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama. Kila aliyetoka bila kututazama, tulikaa tena. Siwezi kuielezea hofu ile vizuri. Ni kama kusikia hatua za mtu anakuja kukuletea habari, hatua hazifiki, na hutaki zifike.

Taís aliruhusiwa siku ya tatu. Pitoco hakuiona hata jioni ya Jumamosi ile.

Siku ya saba Bi Ermelinda alitolewa bomba kooni. Aliomba maji, kisha akaomba mkwewe aitwe. Valdecir aliingia amevaa gauni la hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Sikujua kuwa ule mvuke una sumu."

"Najua hukujua," alisema yule mama. Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanika. "Ule mvuke nimeshakusamehe. Lakini daktari alikuuliza, Valdecir. Alikuuliza mara mbili. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nazama, na nilikusikia ukisema hakuna."

Aligeuza uso ukutani. Mimi niliyekuwa mlangoni nilitoka nje, kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu pia.

Rosilene alimchukua mama na mtoto wakaenda kwa Sueli, kama alivyosema. Valdecir alirudi peke yake kwenye nyumba iliyokwisha kupitishwa hewa. Nilikwenda naye na watu wa zimamoto, tumevaa barakoa na glovu, tukalitoa lile jiwe ndani ya ndoo iliyofungwa. Sebuleni taa za tangi zilikuwa zimejiwasha zenyewe kwa saa yake. Na yule anemoni, ambaye hakuguswa na mkono wa mtu kwa siku tisa, alikuwa amepanda hadi upande wa nyuma, kwenye ufa wa jiwe aliouchagua mwenyewe. Mguu umepona. Vidole vyake vyote viko wazi, vinapepea.

Valdecir alimtazama, hata hakutabasamu.

"Mchukue," akaniambia. "Chukua na tangi. Chukua kila kitu."

Wiki iliyofuata nilikuja na gari nikabeba.

Kila Jumapili alikwenda São Vicente. Wiki za mwanzo alikaa kwenye ngazi za nje, Taís akatoka kukaa naye. Baadaye akaruhusiwa kuingia hadi sebuleni. Mwezi wa kumi na moja Rosilene na mtoto walirudi Macuco. Bi Ermelinda hakurudi. Ukimwuliza anasema ngazi za ghorofa tatu ni nyingi kwa pumzi zake, na ni kweli, maana siku hizi hata kusuka nywele za mjukuu anapumzika katikati. Lakini Valdecir anajua kwamba ngazi siyo sababu yote. Anampelekea maharage kila Jumamosi, ameyapika yeye. Bi Ermelinda anayapokea. Bado hajamwambia karibu ukae ule nasi.

Mafunzo ninayowaachia

Wafugaji wenzangu, jiwe la baharini usilichemshe kamwe, wala usilimwagie maji ya moto, wala usilisugue bila glovu, miwani na dirisha wazi. Ukiwa na shaka, lifunge uniletee. Onyo lile sasa limebandikwa mlangoni kwangu kwa herufi kubwa, na asiyelisoma simuuzii. Wauzaji wenzangu nanyi bandikeni. Mteja anayeogopa akarudi nyumbani salama ni bora kuliko mteja mwenye furaha anayekupigia simu kutoka hospitali.

Mnyama mgeni anahitaji kuachwa atulie. Mtoto anayengoja getini hahitaji kuachwa. Valdecir alikuwa amevichanganya viwili hivyo muda mrefu kabla ya Jumamosi ile, nasi tulioona tulicheka tukanywa kahawa.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Kosa la kutojua lilimfikisha Bi Ermelinda hospitali. Aibu ndiyo iliyotaka kumzika: aibu ya Valdecir pale koridoni, na aibu yangu nyuma ya kaunta. Siku daktari akikuuliza, hata kama mke wako amesimama hapo, hata kama utafukuzwa kazi au utafungiwa duka, fungua mdomo useme ulichokifanya, wakati ule ule, bila kungoja faragha. Watu wako wamelala nyuma ya kioo wanakusikiliza.